Kiti cha Mshika Saa

Katika karakana ya mgodi pale Kolwezi, kazi yangu ilikuwa kujaribu magari yaliyotoka kwa mafundi. Jeep za wakubwa, zile za milango minne zisizo kubwa sana wala ndogo, tulizipeleka kwenye barabara nyoofu nyuma ya kilima cha udongo wa mgodi. Mimi nilishika usukani. Mwenzangu alikaa kando yangu, saa imening'inia shingoni. Nikikanyaga mafuta anaibonyeza; mshale wa mwendo ukifika mia anapaza sauti, "Mia!", hadi sikio langu linauma. Jeep iliyochelewa kufika hapo ilirudishwa kwa mafundi.

Alikuwa mnene, nami sikumpumzisha kwa utani. Kila gari lililojivuta nilisingizia tumbo lake na bukari, ule ugali wa mke wake. Yeye alicheka tu, akisema siku atakayoshuka, jeep itaruka.

Alizaliwa Kolwezi, mitaa miwili kutoka kwetu. Lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na ulipofika wakati ule mbaya, hilo lilitosha. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara haikuja, watu wakatafuta wa kulaumiwa, wakawapata wenye asili ya Kasai. Vijana walimtoa nyumbani kwake mchana kweupe, majirani wakitazama. Nilimkuta stesheni, ameketi na mke wake juu ya godoro katikati ya familia nyingi, wote wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Alivua saa yake, akanivisha mimi.

"Usiendeshe huku unaangalia saa, utakufa bure," aliniambia. "Tafuta mutu ya kuishika."

Sikutafuta. Chefu, mkuu wetu wa karakana, aliniletea mtu, nikamwambia naweza peke yangu. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona mwingine katika kile kiti.

Jeep ya kwanza niliyoijaribu hivyo ni ile tuliyoijaribu pamoja mara ya mwisho. Tangu siku hiyo ilikuwa imesimama tu, hakuna fundi aliyeigusa. Ilifika mia mapema kuliko tulipokuwa wawili. Chefu alifurahi.

"Unaona?" alisema. "Tangu bale ba Kasai batoke, ata jeep inakimbia."

Nilimweleza kwamba ni uzito tu uliopungua. Alicheka akaenda zake, na kufikia jioni karakana nzima ilikuwa ikirudia maneno yake. Hasira zilinipanda, nikaamua kuwaonyesha.

Kesho yake nilijaza gunia mchanga hadi likakaribia uzito wake, nikaliweka katika kiti chake, nikatoka nalo. Jeep ilijivuta kwa uvivu wake ule ule wa zamani. Mshale ukafika mia, na ndani ya gari kukawa kimya. Nilipofunga breki, gunia likaniangukia begani. Nikatazama saa. Muda ulikuwa ule ule wetu.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na wa kumwambia. Chefu asingejali. Mtu mmoja tu ndiye angecheka hadi machozi kusikia kwamba kazi yake sasa inafanywa na gunia la mchanga, naye alikuwa amepelekwa Kasai, mahali ambapo hakuwahi kufika. Nilikaa pale barabarani, injini ikinguruma, gunia limeniegemea, wala sikulisukuma.