Fernande Arudi Kwenye Lifti ya Mashua

Fernande Delhaute alizaliwa ndani ya tishari la makaa ya mawe, na hata alipofikisha miaka sabini na mbili bado aliwaita majirani zake "watu wa nchi kavu," kana kwamba yeye mwenyewe hakuwa na nyumba ya matofali yenye namba mlangoni. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mdomo wake haukuwa na breki. Muuza nyama alimwogopa, na padri alimwogopa zaidi. Lakini lilikuwepo neno moja ambalo mdomo huo ulikuwa umelifungia kwa miaka hamsini. Mwezi wa tano mwaka ule, baada ya daktari kumwambia kwamba moyo wake umechoka na huenda usiuone msimu mwingine wa baridi, aliamua kwenda kulisema.

"Nataka unipeleke kwenye lifti," alimwambia mwanawe Jumapili moja asubuhi.

Ghislain, fundi bomba wa miaka arobaini na minane, alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Kisu kilisimama. "Lifti ya mashua? Ile iliyomuua Annick?"

"Hiyo hiyo. Siku hizi ni ya watalii. Unalipa, unapandishwa, unapewa wafeli ya sukari, unarudi kwenu. Na mimi nataka nipandishwe."

"Mama, umekunywa dawa zako kweli?"

"Nimekunywa. Vaa viatu."

Ghislain aliijua hadithi ya dada yake kama walivyoijua watoto wote wa matishari. Mwaka 1969, miaka miwili kabla yeye hajazaliwa, mwendesha lifti aitwaye Désiré Hupin aliiondosha lifti bila kupiga kengele, hodhi la maji linalobeba matishari kupanda na kushuka likashtuka, na Annick wa miaka mitatu akaanguka majini mbele ya tishari la wazazi wake. Hupin alifukuzwa kazi. Ghislain alipokuwa na miaka kumi, yeye na wenzake walikwenda kumvunjia madirisha kwa mawe, na mama zao wakajifanya hawakuona.

Hadithi hiyo ilikuwa ya uongo. Fernande alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye na marehemu mumewe Achille ndio walioitunga. Na sasa, gazeti la mkoa lilikuwa limetoa picha ya mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, amesimama mbele ya lifti iliyopakwa rangi mpya. Anaitwa Josée Hupin, lilisema gazeti, binti wa mwendesha lifti wa zamani, na ndiye anayewatembeza watalii. Fernande alikuwa amelikata gazeti hilo akaliweka ndani ya pochi. Alikuwa na maneno manne tu ya kumwambia huyo mwanamke: baba yako alipiga kengele.

Walifika saa nane mchana. Hasira zilimpanda Fernande kabla hata hajashuka kwenye gari. Chuma kile kilichokuwa cheusi kwa grisi na masizi sasa kilikuwa cha kijani kibichi, na kimefungwa bendera ndogondogo. Pale matishari yalipokuwa yakipanga foleni siku mbili, wanaume wakitukanana na wanawake wakifua, palikuwa na mwavuli wa bia. Wadachi waliokuja na baiskeli walikuwa wanapigana picha wamekumbatia magurudumu ya malango.

"Wameivalisha sare ya harusi," alisema Fernande.

"Imependeza, mama."

"Imependeza nini! Nenda kanunue tiketi."

Mashua ya watalii ilikuwa na viti vya plastiki na paa la turubai. Josée Hupin alikuwa mbele na kipaza sauti, mrefu, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kurudia mambo. Fernande alikaa kiti cha tatu, akashika pochi kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga kumngoja mpaka mwisho, amvute pembeni, amwambie taratibu. Mashua iliingia ndani ya hodhi la chuma, lango likashuka nyuma yao, na mara akausikia ule utulivu. Watu wa nchi kavu hawaujui utulivu huo. Mtoni mashua hutikisika, kwenye mfereji husogea, lakini ndani ya hodhi husimama tuli, kuta mbili karibu kiasi cha kuzigusa.

"Mabibi na mabwana," alisema Josée, "hakuna injini inayotupandisha. Hodhi lenzetu lililoko juu linaongezwa maji kidogo, linakuwa zito, linateremka, na sisi tunapanda. Hapo zamani, kabla ya kuondoka, mwendesha lifti alikuwa anapiga kengele mara tatu, na nahodha anainua mkono kumjibu kwamba amesikia."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema akitazama sakafu, haraka haraka. Fernande aliliona hilo, likamchoma.

"Je, leo tunaye mtu wa matishari humu?" aliuliza Josée, akipandisha sauti tena. "Huwa tunabahatika."

Kabla Fernande hajamzuia, Ghislain alikuwa ameuinua mkono wa mama yake juu kama mwamuzi wa ndondi. "Mama yangu! Amezaliwa humo humo!"

Watu walipiga makofi. Simu ishirini zilimgeukia. Kwa muda mfupi Fernande akawa kivutio kuliko lifti yenyewe, na Josée, akitabasamu, akamjia na kipaza sauti. Hakuwa amemtambua. Jina la Delhaute halikuwa limetajwa.

"Tuambie, mama. Maisha ya humu yalikuwaje?"

Hodhi lilianza kupanda. Fernande aliutazama ukuta wa mawe ukiteremka ubavuni, unyevunyevu uleule, na akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, nzito, ngeni.

"Watoto tulikuwa tunawafunga kamba," alisema.

Watu wakacheka. "Kama mbuzi!" alipiga kelele mwanamume mmoja aliyekuwa na chupa ya bia.

"Kama mbuzi, ndiyo. Mkanda wa ngozi kifuani, kamba mgongoni, na ncha yake kwenye pete ya chuma juu ya chumba cha usukani. Mtoto wa tishari anafungwa tangu anapoanza kutambaa mpaka anapojua kuogelea. Mama anayemfungua mtoto njiani, wanawake wenzake hawampi hata salamu. Isipokuwa humu." Alipiga ukingo wa mashua kwa kiganja. "Ndani ya lifti sote tulikuwa tunawafungua. Tuliona ni kama chumba. Maji hayaendi popote, mashua haiendi popote. Watoto walikuwa wakiiona lifti kwa mbali wanapiga kelele kwa furaha, kwa sababu wanajua watakimbia. Dakika kumi wanakimbia juu ya mifuniko ya shehena mpaka wanavuja jasho. Kila mama alifanya hivyo. Ila sheria yetu ilikuwa moja: kengele ikilia, unamkamata wa kwako unamshika mkono."

Ghislain alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumganda. Haya ya kufungua hakuwa ameyasikia.

"Mimi nilikuwa namenya viazi," alisema Fernande. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kengele ikalia. Mara tatu. Mume wangu Achille Delhaute akainua mkono, nilimwona kwa macho yangu. Na mimi nikajiambia, acha nimalizie hivi viwili. Viazi viwili. Nilipoinua kichwa Annick alikuwa ameshafika mbele kabisa, anainama kutazama lango. Hodhi likaondoka taratibu, kama sasa hivi. Halikushtuka hata kidogo. Akateleza tu. Na tishari lilikuwa na tani mia tatu za makaa, likasogea mbele shibri moja, likambana kwenye lango."

Mwanamume wa bia aliishusha chupa katikati ya magoti. Mwanamke mmoja bado alikuwa anapiga picha, na mumewe akamsukuma mkono chini.

Josée alikuwa amesikia jina. Aliuchukua mkono wa Fernande pamoja na kipaza sauti, akabonyeza kitufe, na spika zikanyamaza. Kisha akainama.

"Wewe ndiye mke wa Delhaute," alisema.

"Ndimi. Baba yako alipiga kengele. Nimekuja kukwambia hilo."

"Mlikwenda kwa hakimu mkaapa hakupiga."

"Achille alisema wakijua nilimfungua na sikumkamata, hakuna mtu wa matishari atakayetupokea tena, na mimi wanawake watanitemea mate. Alinionea huruma. Waliokuwa kwenye foleni hawakuona kitu, lakini waliapa pamoja nasi. Kwetu mtu wa tishari hatoi ushahidi wa kumwokoa mtu wa nchi kavu. Hawakungoja kuombwa mara mbili."

Ghislain aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Mama," alisema. "Mimi nilimvunjia madirisha yule mzee."

"Najua, mwanangu."

"Ulijua, na ulinipikia supu nilipofika nyumbani!"

Alikuwa amempikia supu kweli, na alikuwa ameona unga wa kioo kwenye mikono ya koti lake, akaupangusa kwa kitambaa. Fernande aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ile mbele ya hakimu, kwa sababu siku ile alikuwa na maiti ya kulilia na leo hakuwa na kitu cha kujifichia.

Josée alikuwa amechutama sasa, macho yao yakawa sawa. Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mgeni njia.

"Siku ile nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa uani na mama yangu tunaanika mashuka. Niliisikia kengele. Mara tatu. Nilimwambia mama, nilimwambia mwalimu, nilimwambia askari aliyekuja nyumbani. Wakasema mtoto anamtetea baba yake. Baba mwenyewe mwanzoni alikuwa anasema alipiga, anaapa mpaka mishipa inamtoka. Halafu mwaka ukapita, na mwingine. Watu thelathini wanasema hukupiga, na wewe uko peke yako. Akaanza kusema, huenda sikupiga. Halafu akawa anasema, sikupiga, Josée. Nilisahau. Nikimwambia nilisikia, baba, ananishika kichwa ananiambia nyamaza, unasema hivyo kwa sababu unanipenda. Alikufa mwaka elfu mbili na moja. Mpaka anakata roho alikuwa anamwomba msamaha huyo mtoto wako. Kwa jina."

"Nilijua anaishi wapi," alisema Fernande. "Achille alipokufa nilisema nitakwenda. Nilifika mpaka kona ya barabara yenu. Mara mbili. Nilimwona anafagia mlangoni."

"Ulimwona."

"Nilimwona. Nikageuka."

Hodhi lilifika juu likasimama. Lango la mbele liliinuka likimwaga maji, na mwanga wa jua ukawaingilia wote machoni. Watalii walikuwa wamekaa na mabegi yao mapajani, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusimama. Fernande alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Ndani kabisa, na hili alilikiri baadaye, alikuwa ametumaini pia kwamba yule mwanamke angelia na wakalia pamoja, na mambo yakaishia hapo.

Josée hakulia. Alikibonyeza kitufe cha kipaza sauti, spika zikakoroma, akamwekea Fernande mdomoni.

"Nami nimeishi nikidhani labda niliota," alisema. "Sema tena."

"Baba yako alipiga kengele."

"Taja jina lake."

"Désiré Hupin alipiga kengele."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Niliisikia."

Josée aligeuka akawatazama wale watu mmoja mmoja, Wadachi wasioelewa nusu ya maneno, mwanamume wa bia, Ghislain aliyefunika uso kwa viganja, kana kwamba anawahesabu mashahidi. Kisha akazima kipaza sauti akampisha mlangoni.

"Sasa shuka, mama," alisema. "Kuna watu wanangoja kuingia."