Wageni wa Siku ya Derby

Ogola wa Bondeni hakuwa mtu wa kuamini kitu. Refa akipuliza filimbi, amehongwa. Stima ikipotea, kuna mtu ameizima makusudi. Na yule mheshimiwa anayewagawia vijana wa mtaa jezi na mipira uchaguzi ukikaribia, halafu haonekani tena mpaka uchaguzi mwingine? Huyo Ogola alikuwa amemsoma kitambo. "Jezi ni zetu, kura ni zake," alikuwa akisema, "na magoli tunafungwa sisi." Tangu astaafu kwenye kiwanda cha sabuni, kazi ilikuwa imebaki moja tu, kushuku.

Kwa hivyo Jumapili hiyo mkewe Eucabeth alipomwambia, "Baba Imma, si leo Gor wanacheza na Ingwe? Nenda basi ukaangalie kwa Sitati," mzee alishtuka. Eucabeth! Mwanamke ambaye miaka yote ameuita mpira upuuzi wa wanaume wazima, leo anajua nani anacheza na nani? Tena sakafu imepigwa deki ikang'aa, kuku yuko jikoni, na si Krismasi. Halafu binti yao wa pekee, Immaculate, yuko saluni tangu asubuhi. Hapa kuna jambo, Ogola alijiambia. Hapa naendeshwa.

Alivaa jezi yake ya kijani ya Gor, akaenda kwa jirani, akaketi. Mpira ulianza lakini akili yake haikuwa uwanjani. Sitati, shabiki sugu wa Ingwe, alimchokoza: "Vipi mzee, mbona kimya? Mmeanza kuogopa mapema?" Kabla ya mapumziko Ogola alikuwa ameshaponyoka, amerudi nyumbani. Eucabeth hakuwepo, alikuwa ametoka kununua soda. Soda za nani? Ogola akavuta kiti, akaketi akiutazama mlango.

Haukupita muda, hodi. Alipofungua aliona mama wa makamo na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya chama, ile ya kampeni zilizopita. Chini wameweka sukari, unga, mafuta ya kupikia, majani chai, na leso mbili mpya zimekunjwa vizuri juu. Ogola alihisi damu inachemka. Sukari! Unga! Leso! Uchaguzi wenyewe bado, na hawa wameshaanza kununua watu mlango kwa mlango!

"Habari ya hapa, mzee," yule mama alisema kwa upole. "Mimi naitwa Rahab, na huyu ni ndugu yangu Muiruri. Tumetoka Longonot..."

"Longonot! Hata kura hampigii huku! Mmelipwa na nani?"

"Mzee, hebu tuongee kidogo," Muiruri alijaribu.

"Hakuna kuongea! Hii nyumba hainunuliwi na sukari. Bebeni vitu vyenu mtoke!"

Akaubamiza mlango. Aisee, kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia vizuri. Angalau kuna mchezo mmoja alioushinda.

Eucabeth aliporudi alimkuta anatabasamu peke yake. Akamsimulia yote, na mikono anaitupa hewani. Mama wa watu akaziweka soda chini, akaketi.

"Baba Imma, hao ni wakwe," alisema. "Huyo Rahab ni mama ya Ngigi, kijana anayetaka kumuoa Immaculate. Kwetu si mama ndiye hutembelewa kwanza? Nilikutoa nyumbani niwapokee na kuwakubali mimi kwanza, halafu nikuambie polepole."

"Na mbona mlinificha?"

"Yule Kipkemoi aliyemtaka Immaculate mwanzo alipokuja, ulimuuliza alimpigia nani kura kabla hata hajakaa. Alirudi?"

Immaculate alikuwa ameingia, nywele zimesukwa vizuri, na amesikia. Hakulia. Alishika ukuta tu, akamtazama babake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo Ogola alipoogopa kweli. Alitoka mbio na malapa yake mpaka steji ya magari.

Aliwakuta wamesimama kando ya gari lililokuwa likijaza abiria.

"Mama, nisamehe," alisema akihema. "Nilidhani nyinyi ni watu wa siasa. Rudini tafadhali, kuku ameiva."

Muiruri alivua kofia, akacheka kidogo. "Hii? Hii nalimia nayo tu, mzee. Ilikuwa ya bure."

Rahab hakucheka. "Sawa, hukujua," alisema. "Lakini niambie ukweli, maana ni mtoto wangu anaingia kwako. Kama ungejua sisi ni Wakikuyu na tumekuja kwa sababu ya msichana wako, ungetufungulia?"

Ogola alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, tena kwa sauti. Lakini ule mwaka wa fujo za uchaguzi ulimrudia, alipolala nje ya kituo cha polisi na Immaculate mgongoni, akimwogopa kila aliyeongea lugha ya huyu mama. Na machoni mwa Rahab aliona kwamba mwaka huo naye hakulala kwake. Aibu ilimshika. Akainamisha macho kwenye malapa yake.

Immaculate alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake. Alilisubiri jibu hilo kuliko mtu yeyote pale. Alisubiri mpaka makanga akagonga bodi ya gari, liko tayari kuondoka. Ndipo akampita babake, akainua ule unga, akamwambia Rahab, "Mama, twende. Leo nitalala kwenu."