Nilimpokonya Mke Wangu Kipaza Sauti

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kugawana naye. Nilimpokonya mke wangu kipaza sauti mbele ya majirani, na tangu siku hiyo nyumba yangu imenyamaza.

Mimi si mtu wa hivi hivi. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni hotelini Diani, nikaenda Doha, nikasimamia watu wa mataifa, nikarudi Msambweni na diploma ya usimamizi. Nyumba yangu ya mawe niliijenga bila kumpigia mtu magoti. Nasema haya mjue kiburi changu kilikotoka.

Mtaani kwetu mvua ikinyesha maji hujaa njiani. Shirika moja likaja kuwafundisha uongozi wakazi watakaosimamia uchimbaji wa mtaro. Nilijua nitachaguliwa mimi. Majirani wakamchagua mke wangu, nitamwita Saumu. Nikacheka, nikamwambia aende akanywe chai yao.

Saumu aliishia darasa la saba. Lakini kila aliporudi kutoka mafunzoni Ukunda alikuwa na jipya la kunisimulia. Jikoni alishika mwiko kama kipaza sauti, akaniuliza, "Nasikika, baba Rama?"

"Masufuria yanakusikia," nikamjibu.

Akacheka sana. Laiti ningalijua kicheko kile kina mwisho!

Ikafika siku ya mkutano wa mtaa. Aliwaamkia wazee, akaeleza mtaro unafikiriwa upite wapi, kisha akauliza kama kuna aliye na neno. Akanyamaza.

Kimya kikazidi. Watu wakatazamana. Nikaona amekwama, na aibu yake ni aibu yangu. Nikasimama, nikamtoa kipaza sauti mkononi.

"Mniwie radhi," nikasema. "Mke wangu hajazoea kusimama mbele za watu. Diploma iko kwangu."

Watu wakacheka. Nikasema mpaka adhana ya adhuhuri, na mtaro nikaupitisha nilivyopenda mimi. Wakanipigia makofi, nami nikafurahi. Astaghfirullah!

Nyumbani aliniambia jambo moja tu. "Sikukwama. Tulifundishwa ukiuliza ungoje, hata mnyonge apate moyo. Mama Mutua alikuwa ameshaanza kuinuka."

Mama Mutua ni mjane wa kutoka bara, aliyepanga chumba mwisho wa mtaa. Vikaoni hakuwa na kawaida ya kusema. Na kweli nilimwona akiinuka. Nilidhani anaondoka!

Masika yalipoingia, mtaro wangu ulimwaga maji yote mlangoni kwake. Saumu ndiye aliyemsaidia kutoa godoro likichuruzika. Mama wa watu akahama, na mpaka leo sijui aliko.

Baada ya hapo Saumu akawaomba majirani watafute kiongozi mwingine. Walipomsihi, akawajibu kwa upole, "Msemaji yuko kwangu, muulizeni yeye."

Hajanivunjia heshima hata mara moja. Chakula huwa tayari, kanzu yangu ya Ijumaa hupigwa pasi. Nikimwita huitika "Labeka." Nikimuuliza habari za kutwa, husema "Njema." Basi. Yale masimulizi ya zamani hakuna tena, na mwiko sasa ni wa kupikia tu.

Doha niliongoza watu nisiojua hata lugha zao. Nyumbani kwangu nimeshindwa kumfanya mtu mmoja acheke. Ole wangu!

Jana tulipomaliza kula nilimuuliza, "Saumu, una neno nami?" Kisha nikanyamaza nikingoja, kama walivyomfundisha. Akanitazama kidogo. Midomo yake ikataka kufunguka, Wallahi niliiona. Halafu akakusanya sahani, akaenda zake jikoni.

Wewe mwenzangu uliyerudi na cheti chako, mkeo akisimama mbele za watu, kaa kitako. Akinyamaza, nawe nyamaza. Usije ukakaa mkekani kama mimi, ukisikiliza vyombo vikioshwa, ukiomba angalau akutukane.