Akinyi Ndani ya Kasha la Chai

Jamani, leo mke wangu amesafirishwa pamoja na majani ya chai.

Ndiyo, Akinyi. Najua mlinisaidia kumzika.

Nilikuwa nimebaki na picha yake moja, niliyoichora mwenyewe kwenye ubao wa kasha la chai.

Siku ile, Akinyi akiwa bado hai, nilitaka kuchora posta tu. Lakini ukiitazama kutoka mbele, ni ukuta na bati, basi! Nikahangaika hadi nikasimama hapa barazani kwa fundi cherehani, hapa hapa nilipobandika karatasi hii. Nikaiona posta katikati ya nguzo mbili za baraza, na Akinyi ameketi kwenye ngazi na kikapu chake, akiningoja.

Picha ikakaa sawa.

Juzi ubao ulipata unyevu (mvua ya Kericho mnaijua), nikauanika kiwandani kwetu karibu na joto la boila.

Leo mbao za makasha zilipungua. Otieno, anayepigilia makasha misumari, akauchukua ubao wangu akaundia kasha.

"Nilidhani ni rangi imemwagika, ndugu yangu. Nikageuza upande huo ndani, kasha lionekane safi."

Lori lilikuwa limeshaondoka.

Mwenye jamaa stesheni au bandarini, tafadhali aniambie.

Akinyi aliogopa hata kuvuka mto. Sasa anavuka bahari, uso gizani, bado akiningoja.