Ufunguo Usiochongwa

Mimi gari lisilo na tundu la ufunguo silipendi, na nalisema mapema msije mkasema sikusema. Gari alilokuja nalo mdogo wangu kutoka Dar es Salaam lilikuwa jeusi, limeng'aa mpaka kuku wa jirani wakawa wanajidonoa wenyewe kwenye milango yake. Tundu halina. Ufunguo wenyewe si ufunguo, ni kidude cheusi kinachoenea kiganjani, hakina meno, hakiingii popote. Unakaa nacho mfukoni, ukigusa mlango unafunguka, ukibonyeza kitufe injini inawaka. Nikamwuliza, sasa linajuaje kama ni wewe? Akasema linajua tu. Jibu lile halikuniingia hata kidogo.

Wala hakuja kutembea. Alikuja kumchukua mama ampeleke Dar akapimwe macho. Eti kwenye simu za video mama anaongea huku anaangalia dari. Nilichukia, sifichi. Mama ninakaa naye mimi hapa Ujiji tangu baba alipofariki. Asubuhi niko mwaloni Katonga nauza dagaa zangu, mchana nimerudi kumpikia. Leo mtu anayekuja mara moja baada ya miaka mitatu ndiye wa kuniambia mama haoni? Mama mwenyewe alisema anaona vizuri, ni uzee tu. Nikadakia pale pale kwamba mama anaona kuliko yeye na miwani yake. Siku aliyofika, mama alilipapasa gari lile kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, akasema ni zuri, na mdogo wangu akanitupia jicho. Nikamwambia wazee wote wanapapasa vitu vya bei. Tulibishana siku nne. Mwisho alichoka yeye, akasema ataondoka Jumapili peke yake.

Sasa, nyumba yetu haijawahi kumruhusu mtu aondoke mikono mitupu. Dagaa lazima, na mawese. Lakini bwana mkubwa akakataa kupakia dagaa. Viti ni vya ngozi, akasema, harufu ikiingia haitoki. Loo! Mtoto aliyesomeshwa kwa dagaa, anaikimbia harufu ya dagaa. Basi tukakata shauri kiroba kitangulie kwa basi, mkewe akakipokee stendi. Jumamosi jioni mama akakifunga mwenyewe, maana kazi hiyo hamwachii mtu. Kabla ya kukaza kamba hutumbukiza kipande cha mkaa juu ya dagaa, kwani kwetu kitoweo hakisafiri bila mkaa. Wako wasioonekana nao wanapenda samaki, na mkaa huwafukuza. Mkaa huo huwa namfungia mimi kwenye kipande cha nailoni usichafue dagaa, ninamwekea kwenye kisahani cha pale mlangoni, na siku hiyo nilimwekea kama siku zote. Jumapili alfajiri nikakibeba kiroba kwa bodaboda mpaka stendi.

Niliporudi nyumba ilikuwa imepinduliwa. Ufunguo haupo. Mdogo wangu alikuwa ameshuka Katonga jana yake, akapanda mtumbwi na rafiki zake wa utotoni. Ufunguo akaufunga kwenye nailoni usilowe, akarudi suruali inachuruzika maji, akauweka kwenye kisahani cha mlangoni. Anaapa. Nikaenda kwenye kisahani mwenyewe. Nikakuta kitana chake, sarafu, na kipande cha mkaa kwenye nailoni. Nikautupa mkaa jikoni, nikaendelea kutafuta. Tulikung'uta magodoro, tukamwaga ndoo ya mchele, tukamulika chooni kwa tochi. Mama yuko kwenye mkeka anauliza, mmeupata? Baada ya muda anauliza tena.

Ufunguo wa akiba hakuna. Gari lilinunuliwa limeshatumika, likaja na ufunguo mmoja, naye akasema atashughulikia baadaye. Jumatatu nikaenda mjini kumleta fundi wa funguo, mzee aliyechonga funguo za nusu ya makufuli ya Ujiji. Akalizunguka gari mara mbili, akachungulia kioo, akacheka.

"Hii haichongwi, mama. Hii inafundishwa."

Nikauliza inafundishwa nini. Akaeleza kwamba ufunguo mpya unakuja haujui kitu, halafu inaletwa kompyuta, inaufundisha ufunguo na kulifundisha gari mpaka wafahamiane. Na ule uliopotea? Gari linaambiwa liusahau. Nilimwomba arudie mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipopotea kabisa. Makufuli yangu yote hayajawahi kumsahau mtu.

Wauzaji wa magari wa Dar nao wakapigiwa simu. Wakataka namba ya gari, kitambulisho cha mwenye gari na kadi ya gari. Kadi iko wapi? Ndani ya gari. Gari linafunguliwa na nini? Na ufunguo. Ufunguo unapatikana kwa nini? Kwa kadi. Nilikaa kibarazani nikijaribu kuona jambo hilo linaanzia wapi, sikuona, nikaenda kuchukua mchi. Nilikuwa nimeshaunyanyua mbele ya kioo mdogo wangu alipojitupa katikati, akaniambia kioo hicho nacho kinaagizwa ng'ambo. Kumbe mkewe alikuwa na nakala ya kadi kabatini. Ikatumwa kwa simu, ufunguo ukaagizwa, tukaambiwa wiki tatu.

Wiki tatu gari likakaa uani kama ng'ombe aliyegoma. Watu walitoka mpaka Mwandiga kuja kulitazama. Mama mmoja wa Kidahwe anayetuletea mawese aliuliza kama tunaliuza, au limefiwa. Mdogo wangu alifanya kazi zake kwa simu, mchana akala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na nikamwona anamwangalia mama, anamwangalia tu. Siku moja akasogeza kigoda kutoka mahali pake. Mama alipita akakigonga. Nilimfokea mdogo wangu kwa kuweka vigoda njiani, na mama akaniunga mkono, akasema vijana wa mjini hawana mpangilio. Nilifurahi. Nilijiona nimeshinda.

Ufunguo ulipofika alikuja nao kijana wa kompyuta kwa ndege. Alikaa na waya zake karibu saa mbili. Ghafla taa zikapepesa, na vioo vya pembeni vikafunguka kama masikio ya mbuzi aliyesikia jina lake. Mdogo wangu alicheka kwa sauti kama mtoto, akaingia ndani, akawa anawasha na kuzima, anawasha na kuzima. Nami nilicheka. Ndipo simu yangu ikaita, ni wifi yangu kutoka Dar.

Alianza kwa kuomba radhi. Kiroba kile hakuwa amekigusa, maana dagaa tulizomtumia mwanzo zilikuwa bado hazijaisha, leo ndiyo kakifungua.

"Wifi, kwenye dagaa nimekuta ufunguo wa gari," akasema. "Upo juu kabisa kwenye nailoni, pale mama anapowekaga mkaa."

Kwanza nilichanganyikiwa, nikadhani ni gari jingine, ufunguo mwingine. Halafu nikauona mkaa ule kwenye kisahani, mkaa nilioutupa jikoni kwa mkono wangu mwenyewe bila kujiuliza kwa nini haukusafiri. Vifurushi viwili vya nailoni, kisahani kimoja. Lakini nailoni ile inaonyesha! Mtoto wa miaka miwili angejua huu ni mkaa na hiki si mkaa.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, uso ameuelekeza mlangoni. Akasema, "Karibu mwanangu," akanitaja kwa jina, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikajiuliza amenijuaje. Nilikuwa nimevua ndala mlangoni. Huwa nazivua kwa kishindo.

"Mama, leo nimevaa kanga ya rangi gani?"

Akalinyoosha pindo la mkeka, akalinyoosha tena, na pindo lenyewe lilikuwa limenyooka.

"Toka Ramadhani iliyopita ninaona ukungu," akasema. "Wewe ninakujua kwa hatua zako."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, mtoto wake amekuja na gari la kumchukua, limekaa mwezi mzima uani. Sauti yangu ilipanda, najua, na nilikuwa ninalia.

"Ningesemaje? Nilikusikia unavyonipigania. Kila siku unamwambia mama anaona, mama anaona. Nikasema, nikikiri, mwanangu nitamwaibisha mbele ya mdogo wake."

Nilikaa pale kwenye mkeka. Miezi yote ile nilikuwa ninamwekea chakula mbele yake na kumwona anakitafuta kwa vidole, nikasema uzee. Ameacha kuchagua mchele, nikasema amechoka. Nilikuwa ninayaona yote, na macho yangu ni mazima.

Nje mdogo wangu alikuwa bado anawasha na kuzima. Nilitoka na kanga yangu ya Katonga, ile iliyojaa magamba ya samaki, nikafungua mlango wa mbele nikakaa juu ya ngozi yake. Alifungua mdomo kusema jambo la harufu, akaniona uso, akaufunga. Kidude kipya kilikuwa mapajani pake. Sijawahi kumwomba radhi tangu tukiwa watoto, wala sikujua maneno yake yanaanzaje.

"Mama haoni," nikamwambia. "Ulisema kweli. Kesho mchukue."

Akazima injini.