Mkalimani wa Onyesho la Kina Mama

Lukumani wa Gongoni hakujua Kiingereza. Tuliseme mapema, maana Tabora nzima ilimwita Mkalimani, naye akaitika bila haya. Kila Jumatano alasiri, katika jumba la sinema la Fakhrudin, alisimama kando ya pazia la picha na kipaza sauti chake cha bati, mwanamume peke yake mbele ya kina mama waliojaa hadi mlangoni, akawageuzia maneno ya Wazungu. Kiingereza alikuwa nacho mkewe, Batuli, aliyesoma hadi darasa la nane. Kila siku ya Jumanne, Fakhrudin aliwaonyesha filamu wao wawili kwanza. Batuli akaeleza, Lukumani akashika kichwani. Jumatano sifa zote zikawa za Lukumani. Ndiyo dunia, mtafanyaje?

Sasa bwana huyu alikuwa pia na kipaji cha mashairi, na kipaji kisicho na adabu ni balaa. Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, wenzake wakitunga kusifu jembe na vijiji, yeye alimtungia Zamda muuza vitumbua beti kumi na mbili, zote kuhusu kiuno. Zikaimbwa harusini! Batuli alizisikia akichambua mchele wa karamu. Akamaliza kuuchambua, akaenda stesheni, akapanda treni kurudi kwao Kigwa.

Miezi mitatu ikapita. Kisha shangazi yake Batuli, Bi Mwanamkuu, akatuma salamu: "Jumatano mimi na Batuli tunakuja sinema. Tukitoka hapo, utupe neno la maana au utupe talaka."

Anayetaka kucheka acheke, lakini Lukumani alimpenda mkewe. Tangu aondoke, Fakhrudin alikuwa akirudia filamu za zamani, zile alizokwisha kuzishika kichwani.

Na filamu mpya ya Jumatano hiyo, wallahi, ungedhani imetumwa. Ilihusu mshairi wa Kizungu wa zamani, mzuri wa sura, mguu mmoja una kilema, mke yuko nyumbani na kitoto kichanga, naye anabadili wanawake kama anayebadili kanzu.

"Hii imekufaa," Fakhrudin alimwambia, akaenda zake kuwasha mashine.

Safari hii hapakuwa na wa kumweleza. Lukumani akajitosa. "Huyu ni kabaila, mama zangu, lakini moyo wake safi! Anamwambia mkewe: nimekosa, nisamehe!"

Kwenye pazia, mshairi alikuwa amemkumbatia mwanamke mwingine.

"Mbona anamwambia shingoni?" akauliza mama mmoja.

"Huyo ni dada yake. Wanaagana."

Lo! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Njia ya mwongo fupi, na ya Lukumani ilikuwa imebaki hatua mbili. Pale mbele, mke wa mshairi alibeba mtoto, akaingia katika gari la farasi, akasema maneno machache huku macho makavu.

"Anasema," Lukumani akatamka, "anakwenda kuwasalimu wazazi. Ijumaa atarudi."

"Mwongo!"

Batuli alikuwa amesimama safu ya tatu. Kicheko kikakatika.

"Anasema: maneno matamu unayo, ila yote unawapa wengine. Sirudi."

Lukumani akashusha kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile akauliza asilolijua. "Na mume? Anamjibu nini?"

Batuli akatazama pazia. Midomo ya mshairi ilicheza, ikacheza.

"Anasema mengi," akajibu. "Mke hamsikii. Gari limeshaondoka."

"Njoo mbele, mwanangu, utueleze wewe!" wakapaza kina mama. Batuli akapita mbele, akakitwaa kipaza sauti mkononi mwa mumewe, akaendelea na filamu neno kwa neno. Lukumani hakujua pa kwenda. Akakaa kwenye kiti kilichobaki wazi, kando ya Bi Mwanamkuu.

"Shikamoo, shangazi," akanong'ona.

"Marahaba." Bi kizee hakumtazama. Akafungua pindo la kanga, akamtolea karatasi na kalamu. "Andika, malenga. Ubeti mmoja tu wa mkeo unatosha."