Taa ya Saa Sita Mchana

Sisi tunakaa mtaa wa Pipeline, na ukifungua dirisha letu unaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi mkononi. Jua halijui mlango wetu. Hizo nyumba walizijengaje, hata sijui, lakini hayo tuyaache. Shule mimi niliiacha mapema, kwa hiyo mambo ya umeme nilielezwa na kijana wetu, aliyeajiriwa jangwani kaskazini kufuta vumbi kwenye paneli za sola. Anasema ni shamba zima la vioo, na wanavifuta kwa brashi kavu, maana maji ya huko ni ya kunywa tu.

Siku moja alimwambia mamake kwa simu kwamba umeme wao ni wa mchana. Jua likizama, hawana kitu. Basi mke wangu akaanza vituko. Saa sita mchana anawasha taa na kuketi chini yake. Usiku anazima. "Huu si wa mtoto wangu," anasema.

Kijana akamgombeza. "Mama, umeme wote unachanganyika kwenye nyaya. Unauharibu bure!"

"Wewe haribu macho yako na hilo vumbi. Mimi niache nikuone."

Kijana alipata ruhusa ya kuja nyumbani mamake alipofariki. Tuliporudi kutoka kumzika ilikuwa mchana, nami kwa mazoea nikaiwasha taa. Kisha nikakumbuka kijana alivyokuwa akimgombeza mamake, nikanyoosha mkono niizime.

Akanishika. "Baba, iache."

Akaketi chini yake, kwenye kiti cha mamake, akalia hadi jioni.